Maswali Yenu kuhusu Masomo ya Uhandisi: Kufaulu, na Kubaki Darasani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Dodoma, Singida na mikoa jirani watuandikie kuhusu yanayowasumbua vijana wanaosoma uhandisi vyuoni, na barua zimekuja nyingi kuliko nafasi ya kurasa hizi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu karibu nusu ya zilizobaki zinauliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine, na walioziandika wataliona jibu lao humo.

SWALI: Shikamoo Injinia. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kidato cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) nikapata daraja la kwanza, na nyumbani Mpwapwa walichinja mbuzi siku matokeo yalipotoka. Wiki iliyopita tulirudishiwa jaribio la kwanza la makenika (somo la nguvu na mwendo wa vitu), nimepata 9 kati ya 30. La hisabati nimepata 12. Nimepanga chumba Ng'ong'ona, nasoma hadi saa nane usiku, madesa yote (notsi zenye maswali yaliyokwisha kukokotolewa) nimeyamaliza, lakini swali likija sijui pa kuanzia, na wenzangu naona wanaelewa. Nawaza kuhamia kozi nyingine kabla sijadisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Je, uhandisi si wangu? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hesabu ndogo, maana naona hofu imekufanya usahau kuipigia hesabu hali yako mwenyewe. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho hubeba 60. Tuseme jaribio hilo la makenika lina uzito wa alama 15 kati ya 100. Kwa kupata 9 kati ya 30 umevuna alama nne na nusu, umepoteza kumi na nusu. Zimebaki alama 85 ambazo bado hakuna aliyezigusa, na pale ambapo kiwango cha kufaulu ni 40, unahitaji 35 na nusu kati ya hizo 85. Chukua kitabu cha kanuni za chuo chako uweke namba zake mahali pa hizi zangu, kwa kuwa mgawanyo haulingani kila mahali, kisha utazame upya umbali uliobaki. Utaona kwamba si ule uliouona usiku uliporudishiwa karatasi.

Mimi jaribio langu la kwanza la makenika nilipata 7 kati ya 30. Niliikunja karatasi mara nne nikaificha chini ya godoro, na kwa majuma matatu nilikuwa nikiingia ukumbini mhadhara ukishaanza na kutoka kabla haujaisha, nisije nikaulizwa na mtu nimepata ngapi. Alama zile hazikunidhuru sana. Kilichonidhuru ni majuma yale matatu, kwa sababu somo la makenika hupanda ngazi kila wiki, na kila wiki niliyojificha ilinikuta chini zaidi.

Unauliza kama uhandisi si wako. Swali hilo limewahi kuchunguzwa kwa kina. Watafiti wawili wa Marekani, Elaine Seymour na Nancy Hewitt, waliwahoji wanafunzi 335 wa vyuo saba vya huko, baadhi yao wakiwa wameyaacha masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi na wengine wakiwa wamebaki, na mwaka 1997 wakachapisha walichokipata. Walioondoka hawakuwa na uwezo mdogo kuliko waliobaki. Wote walilalamikia mambo yale yale: ufundishaji usioeleweka, kasi ya masomo, na kukosa mtu wa kumwendea walipokwama. Dodoma si Marekani, lakini katika miaka niliyokaa na wanafunzi wa hapa sijaona tofauti. Nimewaona wenye daraja la kwanza wakiondoka muhula wa pili, na wenye daraja la pili wakivaa joho.

Sasa tuje kwenye madesa. Umeniandikia kwamba umeyamaliza yote, nami nakuamini, lakini makenika haimalizwi kwa kusomwa. Mtu akisoma swali lililokwisha kukokotolewa, kila mstari humwonekea wa kweli, naye hujiona ameelewa, kumbe alichokifanya ni kukubaliana na aliyeandika. Siku ya jaribio hakuna wa kukubaliana naye. Njia ya kujipima ni moja: funika jibu kwa karatasi, chora mwenyewe, andika mstari wa kwanza mwenyewe, na ukikwama kaa na mkwamo huo dakika kumi na tano kabla hujafunua.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Nenda kwenye shamba la zabibu, Hombolo au Mpunguzi, utazame nguzo ya mwisho ya mstari. Mizabibu imelala juu ya waya, na waya huo unaivuta nguzo kuelekea ndani ya shamba, kwa hiyo mkulima hufunga waya mwingine kutoka kileleni mwa nguzo hadi kwenye jiwe au kigingi kilichofukiwa nje ya mstari. Mwambie mwanafunzi aliyemaliza madesa achore nguvu zote zinazoigusa nguzo hiyo. Atachora waya wa mizabibu, atachora waya wa nje, atakumbuka uzito wa nguzo, kisha ataweka kalamu chini. Ameisahau ardhi. Ardhi nayo inaigusa nguzo, na bila kuiweka kwenye mchoro milinganyo haifungi hata ukeshe nayo.

Tuseme waya wa mizabibu unavuta kwa niutoni 600 (niutoni ni kipimo cha nguvu) pale kileleni, na waya wa nje umefungwa kilele hicho hicho ukiteremka kwa nyuzi 45. Chukua momenti, yaani uwezo wa nguvu kukizungusha kitu, kwenye kitako cha nguzo, ukichukulia kwamba kitako hakiizuii nguzo kuinama: mvuto wa ulalo wa waya wa nje lazima ulingane na zile 600, kwa hiyo waya wenyewe unabeba takriban niutoni 849. Lakini waya huo haurudishi nguzo nyuma tu, unaikandamiza chini pia kwa niutoni 600, juu ya uzito wa nguzo yenyewe. Ndiyo sababu nguzo za mwisho huweza kuzama mvua za Januari zikilainisha udongo, jambo ambalo mkulima analijua bila mlinganyo hata mmoja. Swali la namna hiyo likikuingia mkononi hutauliza tena pa kuanzia. Unaanza na kitu kimoja, unakitenga na vingine vyote, unauliza ni nini kinachokigusa, halafu unachora. Fanya maswali kumi ya mchoro peke yake bila kukokotoa namba yoyote, na jaribio la pili litakuwa na sura nyingine.

Lipo jambo lililo kubwa kuliko hayo, nalo nimelisoma katikati ya mistari ya barua yako: unasoma peke yako. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka somo la kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya China wakifanya vizuri. Aliwachukua 20 wa kundi moja na 20 wa kundi la pili, akaishi karibu nao, akiwatazama wanavyosoma. Watu walidhani tofauti ingekuwa bidii, au maandalizi ya sekondari, au familia zisizojali. Hakukuta hivyo. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii na familia zao ziliwaunga mkono, ila walisoma kila mtu chumbani kwake, wakitenganisha kabisa masomo na urafiki. Wale wengine walisoma kwanza peke yao, kisha jioni wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana bila haya, na swali likiwashinda wote walijua kwamba swali hilo ni gumu, hakuna aliyejidhania mjinga. Treisman akaanzisha madarasa ya jioni ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu ya kushughulikia pamoja, na waliohudhuria wakaacha kuanguka kama zamani.

Tafakari sentensi yako mwenyewe: "wenzangu naona wanaelewa." Unaona wapi? Ukumbini, watu mia mbili wanapotikisa vichwa? Nawe ulikuwa ukitikisa. Laiti ungekuwa na wenzako watatu wa kukaa nao Jumanne na Alhamisi jioni, ungejua kwamba wawili kati yao nao walipata chini ya 15.

Kwa hiyo tafuta watatu, mkiwa wanne. Wakizidi watano mmoja atafundisha na waliobaki watageuka wasikilizaji. Kila mmoja aje akiwa ameshajaribu maswali yote peke yake, hata kama amekwama mstari wa pili, kwani anayekuja na karatasi tupu huja kunakili. Mkikutana, anayejua swali asilikokotoe, aulize tu: umechora nini, ardhi iko wapi, kwa nini umechukua momenti hapo? Aliyekwama ndiye ashike chaki. Vyumba vya madarasa huwa vitupu baada ya saa kumi na mbili jioni, na ubao ni bora kuliko daftari kwa sababu kosa linaonekana na wote. Na mkikwama wote, andikeni swali hilo na hatua mliyofikia, muende wawili ofisini kwa mhadhiri. Usiende ukasema "sijaelewa makenika", kwa kuwa hakuna anayeweza kujibu hilo kwa dakika kumi. Nenda na ukurasa, weka kidole pale palipogoma. Wahadhiri wengi ambao wanafunzi huwaogopa wamekaa ofisini wakishangaa kwa nini hakuna anayebisha hodi hadi wiki ya mtihani.

Kulala saa nane usiku acha. Utakachokisoma baada ya saa tano utakirudia asubuhi.

Kuhusu kuhama kozi, wapo wanaohama kwa haki, wale ambao hata swali likikubali hawalifurahii, na walioletwa na shangazi au na sifa ya jina. Ukiona ndivyo ulivyo, hama bila aibu. Ila uamuzi huo uufanye baada ya jaribio la pili, ukiwa umekaa na kikundi walau majuma matano.

SWALI: Habari za kazi, Injinia. Mimi ni mama wa watoto wanne, nafanya biashara ya mahindi Kibaigwa. Kijana wangu wa pili yuko mwaka wa pili wa uhandisi. Mwezi uliopita nilisikia kwa binamu yake kwamba ana sapu tatu. Nikimpigia simu hapokei, na akipokea anasema yuko sawa. Baba yake anasema arudi nyumbani ashike biashara, fedha zinapotea. Nifanyeje? (Mama, Kibaigwa)

JIBU: Salama, mama yangu, na pole kwa kulibeba hilo. Nakuomba kwanza umtulize mzee, asitamke neno la kurudi nyumbani kwa simu, kwa kuwa kijana aliye na sapu tatu tayari anajihukumu, na hukumu ya pili ikitoka nyumbani ataacha kufika hata kwenye mitihani hiyo ya marudio. Sapu ni mtihani anaopewa aliyekosa kiwango ili ajaribu tena, na wahandisi wengi wanaosimamia kazi kubwa leo waliwahi kuzifanya. Tatu ni nyingi, sikudanganyi, lakini zina tarehe, na kati ya leo na tarehe hiyo yapo majuma ya kujiandaa kama kijana atajitokeza.

Panda basi uende Dodoma. Kutoka Kibaigwa ni safari ya asubuhi na kurudi jioni. Mwite mle pamoja, usiulize alama hadi mmalize kula. Kisha muulize mambo matatu kwa utulivu: kama anakula vizuri, kama anaumwa, na kama bumu, yaani fedha za mkopo za chakula na malazi, lilimtosha. Fedha hizo hutolewa kwa mafungu, na kijana asiyezoea kuishi kwa fungu humaliza nyingi katika majuma ya mwanzo, hulipa madeni, kisha wakati wa majaribio anashinda na chai na maandazi. Wengine huzituma nyumbani kwa siri wakisikia wadogo zao wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango. Nimemjua kijana aliyeanguka masomo mawili kwa sababu alikuwa akibeba mizigo sokoni alfajiri na kulala kwenye mihadhara ya saa mbili, na nyumbani hawakujua lolote. Ukimtumia fedha, mtumie kidogo kidogo kila wiki. Na kabla ya hizo za matumizi, hakikisha ana kikokotoo cha kisayansi kilicho chake, kwani anayeazima hufanya mazoezi pale tu mwenye nacho asipokitumia.

Kama ameumwa, au amefiwa, au kuna jambo limemzidi, vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa maandishi, naye atarudi mwaka unaofuata akiwa bado mwanafunzi. Barua hiyo huandikwa kabla ya kuondoka. Anayeondoka kimya kimya huhesabiwa mtoro, na kumrudisha ni kazi kubwa. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili hiyo, muende wote wawili. Akumbuke pia kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo huendelea kwa anayefaulu kuvuka mwaka, kwa hiyo sapu hizi tatu zina uzito hata upande wa fedha. Mueleze hilo kama taarifa, isiwe tishio.

SWALI: Shikamoo. Nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa kwanza, nimetokea Manyoni. Darasa letu lina wanafunzi 84 na wasichana tuko 9. Somo la michoro ya kihandisi linanitoa machozi: naambiwa nichore kitu kinavyoonekana kwa juu na kwa ubavuni na mimi sikioni. Wavulana wanasema ni kipaji, mtu anazaliwa nacho. Na kwenye karakana kikundi chetu kila mara wananipa kuandika ripoti. (Binti wa Manyoni)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hao wavulana wamekosea, na nina ushahidi. Sheryl Sorby, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan Tech nchini Marekani, alisoma uhandisi huku michoro ikimtesa kama inavyokutesa wewe. Mwaka 1993 alianza kufundisha kozi fupi kwa wanafunzi wapya walioshindwa jaribio la kukizungusha kitu akilini, wakichora kwa mkono na kushika vipande vya kuunganisha. Waliosoma kozi hiyo walipanda, na walibaki katika uhandisi kuliko wasioisoma, hasa wanawake. Jicho la michoro hufunzwa kwa mkono. Wavulana wengi wamelipata mapema kwa kucheza magari ya waya na kufungua redio, basi, hawakuzaliwa nalo.

Nunua mche wa sabuni ya kufulia dukani. Kata kipande cha urefu wa vidole vinne, kisha kwa kisu toa pembe moja ili kibaki na umbo la ngazi. Kiweke mezani, kaa chini macho yako yawe usawa wake, uchore unachokiona mbele tu, kwa mistari sita. Simama, tazama kwa juu, chora. Zunguka ubavuni, chora. Utaona kwamba ukingo wa ngazi ambao mbele ulikuwa kona, kwa juu umekuwa mstari. Hapo ndipo watu wengi hupata jambo. Siku inayofuata toboa tundu kwa ncha ya kalamu ya wino, uchore tena, na tundu lisiloonekana kwa ubavuni ulionyeshe kwa vistari vifupi vifupi. Siku ya tatu mwenzako akate umbo asikuonyeshe, akupe michoro mitatu tu, nawe ulikate kutoka kwenye michoro. Umbo lako na lake yakilingana, umeshavuka. Majuma mawili ya nusu saa kila jioni, kisha sabuni hiyo utafulia.

Kuhusu ripoti: wakati mwingine wa karakana useme mapema, kabla vifaa havijagawanywa, kwamba kazi zitazunguka, leo wewe unashika mita na fulani anaandika. Sema kwa sauti ya kawaida, mbele ya fundi wa karakana. Anayeandika ripoti kwa miaka minne huhitimu akijua kuandika kuhusu saketi alizoziunganisha wengine. Na hao wenzako 8 msitawanyike. Kaeni vikundi vyenye wasichana wawili wawili kuliko mmoja mmoja, kwani aliye peke yake kundini ndiye hupewa kalamu.

SWALI: Injinia, nimeingia chuo kwa stashahada baada ya kufanya kazi ya ufundi miaka mitatu. Karakana naimudu, kalkulasi imenishinda. Wa kidato cha sita wananicheka. Pia nauliza kama fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) ina faida yoyote, maana wengi hukaa tu ofisini. (Fundi, Singida)

JIBU: Ndugu yangu, una mali ambayo wao hawana. Mtafute mmoja wa PCM asiyejua kushika multimita (kipimo cha umeme), mpatane: yeye akupe saa moja ya kalkulasi, wewe umpe saa moja ya karakana. Na kabla ya kalkulasi yenyewe rudi kwenye aljebra, sehemu na trigonometria za kidato cha nne, kwa sababu nimesahihisha karatasi nyingi za watu wa stashahada na mara nyingi utenguzi, yaani hatua yenyewe ya kalkulasi, huwa sahihi, wanakosea kwenye kufungua mabano.

Fildi ina faida kwa anayeitafuta mapema. Andika barua za maombi miezi kadhaa kabla, na omba mahali penye kazi inayoendelea. Mkoa wa Dodoma sasa una kazi hizo kuliko wakati wowote niliowahi kuuona: reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, majengo ya Mtumba, visima vya Mzakwe vinavyolinywesha jiji. Ukifika ukapewa kiti na kompyuta, mwombe msimamizi siku mbili kwa wiki za kwenda saiti, ukiwa na daftari la kila siku. Daftari hilo litakufaa tena baada ya kuhitimu, kwa sababu ili Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikusajili kuwa mhandisi mtaalamu utapitia kwanza miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi, na kumbukumbu za kazi ndizo utakazoulizwa.

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi kijana, nafundisha somo la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 180. Mwaka jana theluthi moja walianguka. Wakubwa zangu wananiambia ndivyo uhandisi unavyochuja. Nifanye maswali yawe mepesi? (Mhadhiri, Dodoma)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, asante kwa kuuliza, na kwa kutoridhika na theluthi hiyo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ambayo mwalimu anahutubu tu, walioanguka walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Pale wanafunzi walipopewa kitu cha kufanya ndani ya kipindi, walikuwa asilimia 21.8. Theluthi yako imo humo humo. Kwa hao 180 wako tofauti hiyo ingekuwa wanafunzi zaidi ya ishirini, kila mmoja ana mama yake Kibaigwa au Kondoa. Wakubwa zako wanaona chujio. Mimi naona watu waliokaa saa mbili wakinakili ubaoni na kwenda kukwama peke yao usiku.

Ukumbi wa watu 180 hauzuii. Kila dakika ishirini simama, weka swali moja ubaoni lenye majibu manne, matatu kati yake yawe makosa ambayo umeyaona kwenye karatasi za mwaka jana. Wape dakika moja kila mtu peke yake, wainue vidole kuonyesha jibu, moja hadi nne. Wakigawanyika, usiseme jibu. Waambie kila mmoja amgeukie jirani yake amshawishi, dakika tatu, kisha wainue tena. Kelele zitakazotokea zisikutishe. Mara nyingi vidole vitasogea kwenye jibu sahihi kabla hujafungua mdomo, na pale visiposogea umejua leo, wala si wiki ya mtihani, ni kitu gani hakijaeleweka.

Jaribio la kwanza lilete wiki ya tatu, liwe dogo, la alama tano, na karatasi zirudi mikononi mwao ndani ya wiki moja. Jaribio la wiki ya nane linalorudishwa wiki ya kumi na mbili halimsaidii mtu. Waliopata chini ya nusu waite ofisini watatu watatu, usiwaite mmoja mmoja, uwape swali walifanye pamoja mbele yako. Wakitoka hapo watakuwa wameshafahamiana.

Maswali yasiwe mepesi. Waletee hata yale ya mtihani wa mwaka wa pili, ila uwaletee mchana, kwenye chumba chenye mbao nne, wanne wanne, wewe ukizunguka ukiuliza ardhi iko wapi kwenye mchoro.